Kitabu cha Kujifunzia Viendeshi vya Linux

Kiendeshi ni programu inayokiwezesha kiini cha Linux kukiamuru kifaa, kama vile kibodi au diski. Mwanafunzi wa Masuguru, mkoani Tanga, aweza kujifunza kuiandika kwa kitabu cha Corbet, Rubini na Kroah-Hartman, Linux Device Drivers, toleo la 3 la mwaka 2005, kinachopatikana bure katika intaneti. Lakini kitabu hicho hueleza kiini 2.6.10. Njia ya kuandaa saa za kiini iliyofundishwa humo, kwa mfano, iliondolewa mwaka 2018. Basi mfano usipofanya kazi, asidhani kwamba kosa ni lake. Kanuni azitafute kitabuni. Taratibu za leo azisome katika maelezo yaambatanayo na msimbo wa kiini chenyewe. Akivinakili vyote viwili mara moja, atasoma hata pasipo mtandao.