Je, Wajua? Yanayopita Kichwani mwa Muuguzi

Je, wajua kwamba kitabu kilichozaa nadharia ya uuguzi hakikuandikiwa wauguzi? Florence Nightingale alikitoa mwishoni mwa 1859 akiwalenga wanawake wa kawaida wanaouguza watu nyumbani: mama, dada, shangazi. Hoja yake ilikuwa fupi. Mwili hujiponya wenyewe; kazi ya anayeuguza ni kuuwekea mazingira ya kuuwezesha. Akataja mambo matano: hewa safi, maji safi, mitaro inayopitisha uchafu, usafi na mwanga. Ukiingia wodi ya zamani yenye dari ya juu na madirisha makubwa yanayotazamana, usidhani mjenzi alikuwa anatafuta fahari. Alikuwa anatafuta upepo.

Hayo maji safi, kwa mkazi wa Nakuru, si ya kutajwa tu na kupitwa. Watu wengi katika Bonde la Ufa la kati hunywa maji ya visima virefu vilivyochimbwa kwenye miamba ya volkano, na miamba hiyo huyatia floridi. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Visima kadhaa vya huku huvuka hapo. Ndiyo sababu utamkuta kijana mwenye meno ya hudhurungi ambaye amepiga mswaki maisha yake yote. Floridi ikizidi kwa miaka mingi huingia hata kwenye mifupa na viungo. Je, wajua kwamba kuyachemsha maji hayo hakusaidii? Maji hupungua kwa mvuke, floridi ikabaki palepale. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilipata suluhisho kwenye mifupa ya ng'ombe: huchomwa katika tanuri lenye hewa haba mpaka iwe mkaa, ikapondwa, kisha maji yakapitishwa humo na floridi ikanaswa. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati anapomuuliza mama mwenye maumivu ya viungo, "Nyumbani mnachota maji wapi?" hapigi soga. Anafanya kazi ya Nightingale.

Wajua pia kwamba Nightingale, maarufu kama "mama wa taa", alikuwa mtu wa hesabu kuliko taa? Alipofika Scutari, Uturuki, Novemba 1854 akiwa na wauguzi 38, askari wa vita vya Crimea walikuwa wanauawa zaidi na kuhara na homa kuliko na risasi. Vifo vilishuka sana baada ya tume ya usafi kufika Machi 1855 na kuzibua mitaro iliyopita chini ya hospitali. Aliporudi Uingereza alizichora takwimu zile kwa duara za rangi ili hata mwanasiasa asiyependa tarakimu aelewe, na mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chama cha wanatakwimu cha nchi hiyo. Chati iliyo miguuni mwa kitanda cha mgonjwa wako, yenye joto, mpigo wa moyo, pumzi na presha, husomwa kwa akili hiyohiyo. Pumzi zinazopanda kidogo kidogo tangu asubuhi huonya mapema, mgonjwa angali anazungumza na wageni.

Virginia Henderson, muuguzi Mmarekani aliyefariki 1996 akiwa na umri wa miaka 98, aliorodhesha mahitaji 14 ya binadamu ambayo muuguzi humsaidia mgonjwa kuyatimiza mpaka aweze mwenyewe. La kwanza ni kupumua. La 9 ni kuepuka hatari. La 11 ni kuabudu kwa imani yake. Anayedhani kikundi cha maombi kinachopita wodini Jumapili ni usumbufu mtupu, ajue Henderson alishakitengea nafasi (ingawa hakusema lolote kuhusu vipaza sauti).

Mwenzake Dorothea Orem aliuliza swali jingine: mgonjwa huyu anaweza kujifanyia nini? Asiyeweza lolote hufanyiwa yote. Anayeweza kiasi husaidiwa palipobaki. Anayeweza yote lakini hajui, hufundishwa. Mama mkazi wa Bahati mwenye kisukari anastahili kushika sindano ya insulini mwenyewe, muuguzi akimtazama, siku kadhaa kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Akifundishwa dakika za mwisho huku matatu inapiga honi nje, hajafundishwa. Nasi jamaa tujikague: kumlisha kwa kijiko mtu mwenye mikono mizima ni huruma inayomchelewesha.

Ida Jean Orlando, mwananadharia mwingine wa uuguzi, aliandika mwaka 1961 kwamba muuguzi asiamini haraka anachodhani amekiona, amuulize mgonjwa. Anayelalamika kwamba chai imepoa huenda anaogopa upasuaji wa kesho.

Tuje kwenye usalama, maana hapa ndipo nadharia hugeuka uhai au kifo. WHO inakadiria kwamba takribani mgonjwa 1 kati ya 10 hudhurika akiwa anahudumiwa, na kwamba nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuiwa. Je, wajua mengine huanza na jina tu?

Fikiria wodi ya wanawake Nakuru. Wanjiku wawili, Chebet wawili, na mmoja wao ni mzito wa kusikia. Muuguzi akisema, "Wewe ndiye Wanjiku?" mgonjwa aliyechoka ataitikia, hata kama anaitwa Nyaboke. Ndiyo maana kanuni inamtaka aulize swali lisilojibiwa kwa ndiyo: "Unaitwa nani, jina kamili?" Kisha alinganishe jibu na kitu cha pili, kama namba ya hospitali au tarehe ya kuzaliwa. Namba ya kitanda haihesabiki, kwa kuwa wagonjwa huhamishwa vitanda usiku. Mapema 2018 nchi nzima ilishtuka iliposikia kwamba katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa alipasuliwa kichwa kuondolewa damu iliyoganda kwenye ubongo, kumbe aliyehitaji upasuaji huo alikuwa mwingine. Madaktari waligundua wakiwa tayari wamelifungua fuvu na damu hawaioni. Waliosimamishwa kazi kwa muda hawakuwa daktari wa upasuaji peke yake. Walikuwemo muuguzi wa wodi, muuguzi wa kupokea wagonjwa kwenye chumba cha upasuaji na mtaalamu wa nusukaputi. Mgonjwa alikuwa amepita mikononi mwa watu kadhaa, na kila mmoja angeweza kuuliza jina.

Dawa ya kosa la namna hiyo ilijaribiwa kwa jirani zetu. Je, wajua kwamba hospitali ya Ifakara, Tanzania, ilikuwa mojawapo ya nane duniani zilizojaribu orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji, pamoja na hospitali za London, Toronto na Seattle? Orodha ina vipengele 19, husomwa kwa sauti kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mara nyingi anayeisoma ni muuguzi, na mpaka ajibiwe, profesa anasubiri.

Kwenye dawa, wanafunzi wa chuo cha tiba cha KMTC hukaririshwa mambo matano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Yanaonekana ya kitoto mpaka ukutane na vichupa viwili vinavyofanana saa tisa usiku. Potasiamu nzito ikisukumwa mshipani bila kuchanganywa inaweza kusimamisha moyo. Herufi U ikiandikwa vibaya badala ya neno "yuniti" husomeka kama sufuri, na yuniti 10 za insulini zikawa 100.

Mikono, kwa ufupi: kuisugua kwa spiriti huchukua sekunde 20 hadi 30, kuiosha kwa sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60. Glavu haichukui nafasi ya lolote kati ya hayo. Na muuguzi akishika meza ya mgonjwa tu, bila kumgusa mwenyewe, bado anatakiwa kusafisha mikono.

Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 110 walikufa, na majeruhi wakamiminika katika hospitali za Molo na Nakuru. Katika msiba kama huo, je, wajua kwamba anayepiga mayowe makubwa zaidi siye wa kwanza kuhudumiwa? Anayelia ana pumzi. Muuguzi wa mapokezi humtafuta aliyenyamaza, mwenye masizi puani na sauti iliyokwaruza, kwa kuwa koo lake linavimba na njia ya hewa inaziba. Kisha hupima eneo lililoungua: kwa mtu mzima mkono mmoja ni asilimia 9 ya ngozi, mguu mmoja 18. Hapo hukokotoa maji ya dripu ya saa 24, nusu yake iingie katika saa 8 za mwanzo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba saa hizo 8 huhesabiwa tangu mtu alipoungua, wala si tangu alipofika hospitalini. Aliyekaa saa 3 barabarani amebakiwa na 5. Kwa hiyo ukimleta majeruhi, "aliungua saa ngapi" ni habari yenye uzito wa dawa. Na njiani usimpake dawa ya meno wala yai. Maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 yanatosha.

Molo iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake wanaijua waliowahi kulala huko. Mtoto njiti hupoteza joto haraka. Mwaka 1978, mjini Bogotá, Colombia, mashine za joto zilipokuwa chache, daktari Edgar Rey Sanabria aliwaweka njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo iitwayo mbinu ya kangaruu. Utafiti uliochapishwa 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie kwanza, kulipunguza vifo vya watoto wa kilo 1 hadi 1.8 kwa robo. Baba pia ana kifua, akina baba wa Molo wasisingizie baridi.

Chumba cha kuzalia kina habari nyingine. Kwa miaka mingi damu ya mama baada ya kujifungua ilikadiriwa kwa macho, na macho hukadiria pungufu. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliohusisha zaidi ya wanawake 200,000. Mama aliwekewa chini yake mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo. Damu ikizidi, mkunga alianza matibabu yote kwa pamoja bila kuyangoja moja baada ya jingine: kukanda tumbo la uzazi, oksitosini, dawa ya kuzuia damu, dripu na uchunguzi. Kutokwa damu kwa hatari kulipungua kwa asilimia 60. Nasema wazi, sijui uvumbuzi wa karibuni ulio rahisi kuliko huo mfuko. Ila oksitosini hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo friji ya wodi ya wazazi si ya soda za wafanyakazi.

Je, wajua kwamba utamaduni nao una nadharia yake? Madeleine Leininger aliyeishi na Wagadsup wa Papua New Guinea alifundisha kwamba desturi ya mgonjwa huhifadhiwa, au hurekebishwa, au hubadilishwa. Katika Bonde la Ufa, ambako Mkikuyu, Mkalenjin, Mkisii na Mturkana hulala wodi moja, uamuzi huo hufanywa kila siku. Bibi akitaka kumpa mjukuu jina la ukoo papo hapo kitandani, muuguzi hunyamaza na kungoja. Mgonjwa wa kisukari akitaka mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, wataongea kuhusu kiasi. Bibi huyohuyo akitoa kinyesi cha ng'ombe apake kitovu, hapo hapana, na muuguzi mwenye busara humweleza kwa heshima kuhusu pepopunda.

Lakini yote haya hutaka wauguzi wa kutosha. Utafiti wa nchi tisa za Ulaya uliochapishwa 2014 uligundua kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huongeza uwezekano wa wagonjwa kufa kwa asilimia 7. Sisi ambao wauguzi wetu waligoma kwa miezi mitano mwaka 2017 hatukuhitaji utafiti kujua wodi isiyo na muuguzi ni nini. Kenya hii, hata hivyo, ndiyo iliyomtoa Eunice Muringo Kiereini, Mwafrika wa kwanza kuongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi, 1981 hadi 1985. Pia ndiyo iliyoanza mwaka 2005, kupitia shirika la Amref na Baraza la Wauguzi, kuwapandisha maelfu ya wauguzi wa cheti hadi diploma kwa masomo ya kompyuta, wakiwa bado kazini.

Na wewe msomaji una sehemu yako. Ukienda hospitalini beba dawa zote anazotumia mgonjwa, za miti shamba pia. Muuguzi hatakugombeza, na akikugombeza, mwonyeshe hivyo hivyo. Sema dawa inayomdhuru kabla hujaulizwa. Uliza, "Sista, hii ni dawa gani, na ya nini?" Unayo haki hiyo. Na mgonjwa wako akiulizwa jina naye anaweza kusema, usimjibie.