Modemu ya seva: usitazame bei pekee

MFANYABIASHARA wa alizeti wa Nkuhungu, Dodoma, anayeweka hesabu za matawi yake kwenye seva moja, asikimbilie modemu ya bei ya chini.

Enzi za simu ya mezani kasi haikuvuka kilobiti 56 kwa sekunde. Mkongo wa SEACOM uliofika Dar es Salaam Julai 2009 ulipanua njia, lakini chaguo bado ni lako.

Kwanza, pima laini za mitandao miwili hapo hapo ghalani. Angalia kasi ya kutuma, kwani tawi likifungua hesabu, seva ndiyo inayotuma. Pili, omba anwani ya IP ya umma isiyobadilika. Bila hiyo, matawi huenda yasiione seva. Tatu, badili nywila ya kiwandani. Mwisho, weka betri: umeme ukikatika siku ya mavuno, mauzo yasisimame.