KITUFE CHEKUNDU: Namna ya Kuchagua Swichi ya Kuzimia Mashine Wakati wa Hatari

Likizo iliyopita nilikaa kwa mjomba wangu, fundi seremala wa Keko, Temeke. Msomaji aijuaye barabara itokayo Pugu kwenda mjini, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu na sasa ni Barabara ya Nyerere, anajua pia kwamba watu wengi huenda Keko kununua vitanda na makabati.

Siku moja umeme ulikatika tukiwa kazini. Mashine ya randa ilinyamaza, wala hakuna aliyekumbuka kuzima swichi yake, iliyokuwa ukutani nyuma ya mashine. Kijana mmoja mwanagenzi akaanza kutoa maranda yaliyokwama penye visu, kwa vidole vyake. Umeme ukarudi ghafula. Mjomba alikimbia kuizunguka mashine ili aifikie swichi, lakini alipofika, ncha ya kidole cha yule kijana ilikuwa imekwisha katika.

Jioni mjomba aliniambia, "Mwanangu, wewe unasoma fizikia. Kesho nenda Kariakoo ukanitafutie swichi ya kufaa." Basi nawaeleza wenzangu niliyojifunza.

Jambo la kwanza: mashine isijiwashe yenyewe umeme unaporudi. Swichi ya kawaida ya ukutani haifai, kwa kuwa hubaki pale ilipoachwa. Yatakiwa ile iitwayo kontakta. Ndani yake mna koili, yaani waya uliozungushwa, ambayo ikipata umeme huwa sumaku. Sumaku hiyo huzivuta ncha zinazopeleka umeme kwenye mota, na koili yenyewe hupata umeme wake kupitia ncha mojawapo inayoishikilia. Umeme ukikatika, sumaku hupotea, na springi huziachanisha ncha zote. Umeme ukirudi, mashine hukaa kimya mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani. Kontakta hiyo sharti ilingane na nguvu ya mota, na kama mota ni ya fezi tatu, ikate zote tatu.

Jambo la pili ni kitufe chenyewe. Kiwe chekundu, chenye kichwa kipana kama uyoga, juu ya kibao cha manjano, ili mtu mwenye hofu akione na kukipiga kwa kiganja bila kulenga. Kikibonyezwa kibakie ndani mpaka kizungushwe au kivutwe. Na kukiachia tu kusiiwashe mashine. Kuwasha kuwe kazi ya kitufe kingine.

Jambo la tatu halionekani kwa macho, nalo ndilo wengi hukosea. Umeme wa koili upite ndani ya kitufe wakati wote, na kukibonyeza kuwe ni kuukata. Hapo hata waya ukilegea au ukitafunwa na panya, mashine itasimama, nawe utajua pana kasoro. Lakini kama kitufe kimeungwa ili kupeleka umeme wa kuamuru mashine isimame, waya ukikatika hutajua lolote mpaka siku ya ajali. Tena tazama alama ya mshale ndani ya duara. Maana yake ni kwamba nguvu ya mkono wako ndiyo inayoziachanisha ncha, hata kama zimeshikana kwa joto. Hutegemei springi peke yake.

Jambo la nne ni mahali pa kukiweka. Nilimwomba mjomba asimame kama afanyavyo kazi, akishika ubao kwa mikono yote miwili. Tukatia alama ya chaki pale paja lake lilipofika bila yeye kuachia ubao wala kupitisha mkono juu ya visu. Hapo ndipo fundi umeme alipokifunga.

Walakini kitufe hiki kina mipaka yake. Kukata umeme si kusimamisha chuma kizito kinachozunguka. Mashine ya kukereza au msumeno wa duara huendelea kuzunguka kwa muda, ila kama una breki. Wala hakichukui nafasi ya kifuniko cha kukinga visu. Na anayesafisha au kubadilisha visu hana budi kuzima swichi kuu au kuchomoa plagi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemwekea mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake, lakini sheria haiwezi kufika kwenye kisu kabla ya mkono.

Kazi ilipokwisha, tuliwasha randa, kisha mjomba akazima swichi kuu na kuiwasha tena. Mashine ilikaa kimya. Yule mwanagenzi, mkono wake ukiwa bado umefungwa bendeji, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ni jambo dogo hivi." Mjomba hakumjibu. Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kazi, yeye mwenyewe huiwasha mashine na kukibonyeza kitufe aone kama inasimama.

Ewe mwenzangu, ukiingia karakana yoyote, kabla ya kuuliza mashine huwashwaje, uliza kwanza huzimwaje. Tahadhari kabla ya hatari.