Wajibu wa Sheria, Wajibu wa Msimu

Mkulima wa viazi wa Olenguruone, Kenya, anaishi kati ya sentensi mbili za Kiingereza. Ya kwanza inasema, "Farmers have to use 50-kilo bags." Ya pili inasema, "Farmers are having to use bigger bags." Sentensi ya kwanza ni sheria: kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, na kikomo hicho kipo mvua inyeshe, jua liwake. Ya pili ni yale yanayomkuta mkulima soko likifurika, barabara ikigeuka tope, na mwenye lori akikataa gunia lisilofungwa kilemba, ile nyongeza ya juu. Zote mbili zinaweza kuwa kweli siku moja, katika shamba lilelile. Kitenzi hakikubadilika. Kilichobadilika ni umbo lake: mara sahili, mara endelevu.

Tofauti hii huwatatiza wanafunzi wetu, na chanzo chake kinaeleweka. Kiswahili kina hu- ya mazoea, ila katika mazungumzo ya kila siku tunaiachia -na- kazi yote. "Ninalazimika kuamka saa kumi" yaweza kuwa desturi ya miaka mingi, au shida ya wiki hii kwa sababu kuna mgonjwa nyumbani. Msikilizaji anaelewa kutokana na muktadha. Kiingereza hakimpi msemaji nafasi hiyo. Kinamtaka achague, "I have to wake up at four" au "I'm having to wake up at four," na akishachagua, amekwisha kueleza anauonaje wajibu wenyewe.

Shuleni tatizo hilo tunalitibu kwa dawa kali kupita kiasi. Mwanafunzi akisema "I am having two cows," mwalimu humsahihisha, na ana haki ya kumsahihisha, kwa kuwa "have" ya kumiliki haipokei umbo endelevu katika Kiingereza sanifu. Lakini kanuni anayoondoka nayo mtoto ni pana kuliko kosa lenyewe: "have" haiendi na "-ing", basi. Anaibeba hadi kidato cha nne. Akikutana na "are having to" gazetini, anadhani mhariri alisinzia. Hakuna aliyemwambia kwamba "have to" haihusiani na kumiliki kitu. Ni kulazimika, na kulazimika kunaweza kuwa tukio linaloendelea, lenye mwanzo na, Mungu akijalia, lenye mwisho.

Tuchukue kazi ya kukamua. Mama anayesema "I have to milk the cows at five" anaeleza ratiba ya boma lake. Huna haja ya kumuuliza kwa nini. Ng'ombe wapo na lori la maziwa lina saa zake. Akisema "I'm having to milk the cows myself," swali linakuja lenyewe: kwani mkamuaji yuko wapi? Umbo endelevu limebeba habari ambayo hakuitamka. Kuna jambo limebadilika, yeye hakulipenda, na anatarajia litapita. Ndiyo maana umbo hilo huandamana na maneno kama "these days", "this week" au "at the moment". Si lazima awe ameshika chuchu za ng'ombe wakati anapozungumza. Kinachoendelea ni hali ya kulazimika, asubuhi baada ya asubuhi.

"Must" ni habari nyingine. Haina umbo endelevu lake yenyewe, wala haina wakati uliopita wa kawaida wa kueleza wajibu. Ikifika hapo hukabidhi kazi kwa "had to". Tena ikifuatwa na "be" na "-ing", mara nyingi huacha kuwa amri ikawa dhana. "She must be picking tea" haimaanishi kwamba analazimika kuchuma chai. Maana yake ni bila shaka yuko shambani anachuma. Hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa sababu "lazima" yetu hufanya vivyo hivyo: "Lazima atakuwa anachuma chai" ni kukisia, na kila mtu anaelewa hivyo.

Mwanaisimu Geoffrey Leech na wenzake walitoa kitabu mwaka 2009 wakilinganisha maandishi ya Kiingereza cha Uingereza na Marekani ya mwaka 1961 na ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walikuta "must" imepungua na umbo endelevu limeongezeka. Kwa hiyo tukiwafundisha watoto "must" peke yake, tunawapa Kiingereza ambacho wenye lugha wenyewe wanakitumia kidogo zaidi kuliko zamani.

Njia ninayoiamini ya kufundishia jambo hili ni kuanzia wakati uliopita, maana huko Kiswahili chetu kinatenganisha waziwazi. "Ilinibidi niuze ndama" ni jambo lililofungwa: aliuzwa. "Ilikuwa ikinibidi niuze maziwa kwa bei ya kutupa" ni hali iliyojirudia kwa muda. Ya kwanza ni "I had to", ya pili ni "I was having to". Mwanafunzi akishaisikia tofauti hiyo kwa lugha aliyoizoea, wakati uliopo haumtishi tena.

Na "had to" ina mtego ambao historia ya Olenguruone yenyewe inauonyesha vizuri. Kuanzia mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwaleta hapa Wakikuyu waliokuwa wameondolewa katika ardhi ya Wamaasai. Wao waliichukua ardhi hii kuwa fidia, mali yao halisi. Serikali iliwahesabu kuwa wakaaji wa masharti, ikawataka wakubali kanuni zake za kilimo na za kurithisha mashamba. Wakakataa kutia sahihi, wakala kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na watoto. Kufikia 1950 walikuwa wameshafukuzwa, wengine wakapelekwa Yatta.

Sasa mwanafunzi anaandika, "The settlers had to sign the rules." Sarufi haina kasoro, lakini msomaji asiyeijua habari hiyo ataelewa kwamba walitia sahihi. "Had to", kama "iliwabidi", huvuta akili kwenye jambo lililotimia. Mwandishi makini ataandika "were supposed to sign": walitakiwa, ila utekelezaji ni suala jingine. Au ataandika "were being pressed to sign", na hapo umbo endelevu linaliacha shinikizo likiwa bado linaendelea na jibu la watu likiwa bado halijajulikana. Kuhusu kufukuzwa, "they had to leave" ni sawa kabisa, kwa kuwa waliondoka. Akitaka kuonyesha boma moja likihama baada ya jingine, ataandika "families were having to leave". Watu waliogoma hawastahili kuandikwa kama waliokubali, eti kwa sababu mwandishi hakuchagua kitenzi.

"Should" haihitaji maneno mengi. "You should weed the tea" ni ushauri wa wakati wowote. "You should be weeding the tea" ni lawama: muda huu ulipaswa uwe unapalilia, na nakuona umekaa.

Mahali ambapo elimu hii inalipa haraka ni kwenye barua ya kuomba basari. Wengi huandika, "My mother has to pay the fees alone." Kamati inasoma hali ya kudumu, pengine mpango wa familia. Mwanafunzi ambaye baba yake alipoteza kazi muhula uliopita angeandika, "My mother is having to pay the fees alone," kisha aweke sababu na tarehe katika sentensi inayofuata, kwa kuwa msomaji tayari anaisubiri.