Hekalu la Mungu na Moshi wa Zebaki

Siku moja ya kliniki ya wajawazito hapa Kishapu tulimpima mama mmoja mwenye mimba ya miezi sita. Presha ilikuwa nzuri na mtoto alikuwa akicheza. Tulipomwuliza habari za nyumbani, alisema kwa furaha kwamba mumewe amerudi kutoka machimbo ya Geita na dhahabu kidogo. Usiku waliichoma jikoni, juu ya jiko lile lile la mkaa analopikia ugali.

"Mayu, mbona mmenyamaza?" akatuuliza.

Tulinyamaza kwa sababu tulijua kilichochomwa. Wachimbaji wadogo huchanganya mchanga na zebaki ili ikamate chembe za dhahabu. Donge likichomwa, dhahabu hubaki na zebaki hupaa hewani. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Ukivutwa huingia mapafuni, kisha kwenye damu na ubongo. Kwa mjamzito hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Mtu mzima anayeuvuta kwa muda mrefu huweza kutetemeka mikono, kukosa usingizi, kusahau na kuwa mkali bila sababu. Ni mara ngapi tumedhani ni pombe, au kwamba amerogwa?

Mwaka 1956 huko Minamata, Japani, uligunduliwa ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Watoto wengi walizaliwa na ulemavu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 wa kupunguza zebaki ulipewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Akina mama wapendwa, Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba miili yetu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Katika vikundi vyetu tumelitumia fundisho hilo kukemea ulevi na uzinzi, nasi tulifanya vema. Lakini kuhusu zebaki tulikaa kimya. Tena wengine wetu tumeipaka wenyewe! Baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zina zebaki, nayo huharibu figo. Serikali imezipiga marufuku, lakini bado huuzwa kwa siri. Ngozi aliyotupa Muumba haihitaji kusahihishwa.

Tufanye nini basi? Dhahabu isichomwe kamwe nyumbani. Ichomwe mbali na makazi, ndani ya chombo kilichofungwa kinachokamata mvuke. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasikaribie. Nguo za machimboni zisifuliwe pamoja na nepi. Na ukiwa mjamzito, mweleze nesi wako bila kuficha.

Kumwambia mume si kazi rahisi, maana dhahabu ndiyo inayonunua mahindi. Abigaili alisema kwa busara na kwa wakati wake, akaiokoa nyumba nzima. Sisi tulikwenda kwa mama yule wawili wawili, jioni, baada ya chakula. Baba alitusikiliza hadi mwisho. Hakuacha kuchimba, lakini jikoni hachomi tena.

Mtoto alizaliwa salama, na kila mwezi tunamtazama kwa makini kliniki anavyokua. Hekalu lile dogo halikuweza kujisemea. Ilibidi mama yake aseme.