Sura ya Nne: Mkono Wako Nao Ulipwe

Sikuda, kama kote kati ya Busia na Tororo, haikosi watu wenye mikono mizuri: aokaye keki Jumamosi kwa kupenda tu, asukaye nywele za jirani huku wakipiga soga, afugaye nyuki nyuma ya nyumba. Siku wakitaka kulipwa, ushauri wa kwanza wanaopewa huwa mbovu. Mmoja huambiwa na mhamasishaji ukumbini apende anachokifanya, pesa itamfuata. Mwingine huambiwa duka la mwenzake linajaa kwa dawa, naye akatafute mvuto kwa mganga. Maneno haya mawili ni ndugu, maana yote yanamwondolea mtu hesabu. Mganga akishapokea chake, siagi bado utainunua wewe; na mhamasishaji alishalipwa kiingilio chako mlangoni. Duka la mwenzako linajaa kwa sababu lipo njiani, linafunguliwa saa ileile kila siku, na chenji haikosekani. Nenda ukalitazame asubuhi moja.

Nilipanga kueleza mteja, kisha bei, kisha karatasi. Lakini mteja siwezi kumweleza bila baiskeli za Busia.

Miaka ya 1960, kati ya geti la Uganda na la Kenya palikuwa na mwendo unaokaribia kilomita moja, na mwenye mizigo aliuona mrefu. Vijana wakafunga mto kwenye keria, wakaanza kuwapakia wasafiri kutoka boda hadi boda. Baiskeli zilikuwa za kwao, za kuendea sokoni na kutembelea jamaa. Kuziendesha walijua kabla ya senti ya kwanza. Abiria hakulipia ustadi wao wala mapenzi yao kwa baiskeli. Alilipia ule mwendo, akiwa na gunia na jua linawaka. Kwa hiyo kijana wa wastani aliyesimama getini alipata riziki, na bingwa aliyebaki kijijini akabaki kupigiwa makofi. Baadaye pikipiki zikachukua nafasi, na kazi iliyoanzia kwenye kipande kile cha barabara ikaenea Uganda na Kenya nzima. Hakuna mfano ninaoupenda kuliko huu. Basi, mpishi wa keki, jiulize: nani analazimika kuwa na keki mezani, siku gani, saa ngapi? Mwalimu wa chekechea mwenye mahafali anayo tarehe. Jirani anayesifu harufu hana.

Sasa bei, na hapa nitakaa. Tuseme unga, mayai, sukari na siagi vimekula shilingi 22,000 za Uganda, makaa 3,000, boda ya kupeleka 2,000. Jumla 27,000. Unauza 30,000 na kufurahia faida ya 3,000. Lakini kwenda sokoni, kuoka, kupamba na kupeleka vimekuchukua saa tano, kwa hiyo umejilipa 600 kwa saa. Na bati la kuokea? Kama lilinunuliwa 40,000 na litaoka keki 100, kila keki inalidai 400. Keki ikiungua moja katika kumi, zile tisa ndizo zitakazoilipia. Ukishaandika haya yote, ongeza malipo ya saa zako, halafu ndipo umtajie mtu bei. Shangazi akitaka ya undugu, mpe zawadi nzima siku ukiweza, lakini usimuuzie kwa hasara ukaiita biashara.

Mpakani kuna mtego mwingine. Unga unanunua kwa shilingi ya Uganda, na mteja wa ng'ambo anakulipa ya Kenya kwa M-Pesa. Bei uliyoahidi mwezi uliopita inaweza kuwa imeliwa na ubadilishaji. Panga bei kwa pesa unayonunulia vifaa, uibadilishe siku ya kupokea arbuni, na arbuni hiyo itoshe kununua vifaa vyote.

Kuhusu karatasi, wengi hupita njia za panya kwa kuamini kwamba forodha ni ya wenye malori. Sivyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, iliyomo kwenye orodha yake na isiyozidi thamani ya dola 2,000, huombewa cheti chepesi cha asili palepale mpakani, na haitozwi ushuru wa forodha. Chakula bado hukaguliwa, na ada nyingine zinaweza kuwepo. Kabla ya kubeba asali yako, uliza ofisini kama imo kwenye orodha, na kila unacholipa udai risiti.