Kitabu cha Kliniki Kisiachwe Nairobi

Ndugu mkulima, katika skimu zetu wako wengi walio na binti au mkaza mwana anayekaa Nairobi, huko Kaloleni, Makongeni, Jericho au Bahati. Akiwa mjamzito huhudhuria kliniki ya huko, na mimba ikiwa kubwa huja shambani ajifungue karibu na mama yake. Desturi hiyo si mbaya. Ubaya ni kuja mikono mitupu, kitabu cha Mama na Mtoto kimebaki chini ya godoro mjini.

Kitabu hicho kina faida gani? Wewe huandika maziwa kila siku. Ng'ombe akitoa lita 8, mgeni hajui kama ni heri au ni shari. Lakini wewe uliyeandika lita 12 juma lililopita wajua mara moja kuwa kuna jambo. Presha ya damu ni vivyo hivyo. Mimba ya miezi minane ikipimwa 138 kwa 86, nesi asiyemjua mama huyo aweza kumwona mzima, kwa kuwa haijafika 140 kwa 90. Kumbe kitabu kingemwonyesha kwamba katika mwezi wa tatu wa mimba ilikuwa 100 kwa 60! Hapo angepima mkojo siku ile ile na kumwita tena upesi, maana huenda kifafa cha mimba kinanyemelea. Ugonjwa huo huua mama na mtoto, na mwanzoni mara nyingi hauumi popote.

Damu nayo hupimwa. Ikiwa chini ya 11 imepungua.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mama aonwe mara 8, mara ya kwanza kabla ya majuma 12 kupita. Watu wa Eastlands hawawezi kulia umbali, kwani Hospitali ya Pumwani iko hapo tangu 1926, ilipoitwa Lady Grigg. Wengi huchelewa kwa kuogopa kukatwa mshahara wa siku moja, na hapo fedha yako kidogo ya nauli yaweza kusaidia.

Kichwa kikimuuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, damu ikitoka, au mtoto asipocheza kama kawaida, aende hospitali saa ile ile.

Basi mpigie simu kabla hajapanda gari, umwulize kitabu kiko wapi. Kisitiwe katika sanduku la juu ya matatu, akishike mkononi.